Kiungulia Baada ya Kukatwa Tumbo: Vidokezo vya Kukizuia

Aliyeondolewa sehemu ya tumbo kwa sababu ya saratani au vidonda sugu hurudi nyumbani na mfuko mdogo wa chakula. Mara nyingi hata lango la chini, lile linalopitisha chakula kidogo kidogo kwenda utumbo mdogo, huwa limeondolewa. Ndiyo maana kiungulia humsumbua. Jaribu haya:

1. Kula kidogo, mara tano au sita kwa siku, ukitafuna taratibu. Ndugu watakusihi uongeze, hasa kwenye shughuli. Shukuru, kisha nawa mikono.

2. Usishushie chakula kwa maji. Kunywa nusu saa kabla ya kula au nusu saa baadaye. Soda iache, maana gesi yake hujaza tumbo na kusukuma vitu juu. Sukari nyingi nayo ikifika utumboni kwa kasi, unaweza kutokwa jasho na moyo kukuenda mbio.

3. Usiku ndio mtihani mkubwa. Kama huwa unalala saa nne usiku, chakula cha mwisho kiwe saa moja jioni. Inua upande wa kichwani wa kitanda kwa sentimita 15 hadi 20, ukiweka matofali au magogo imara chini ya miguu yake. Kurundika mito hakutoshi: shingo hupinda, tumbo hubanwa, na kiungulia huzidi. Mchana pia, ukishakula, keti wima au tembea polepole.

4. Jua kinachopanda. Maji machungu ya rangi ya manjano au kijani huenda ni nyongo, wala si asidi. Omeprazoli hupunguza asidi, lakini nyongo haiizuii. Wengi hujiongezea vidonge bila nafuu, na hilo linaniuma kwa sababu daktari akielezwa vizuri ana dawa nyingine, na wapo wanaohitaji upasuaji wa kuielekeza nyongo chini zaidi. Ukiwa umeandikiwa omeprazoli, kwa kawaida humezwa nusu saa kabla ya kula.

5. Punguza chipsi, mandazi, pilipili, kahawa na pombe. Sigara acha kabisa.

6. Kwenye duka la dawa, sema mapema kuwa ulikatwa tumbo. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuleta vidonda, hasa pale tumbo lilipounganishwa na utumbo.

7. Legeza mkanda na kanga. Ukiokota kitu, chuchumaa badala ya kuinama.

8. Kabla ya Ramadhani, zungumza na daktari wako. Tumbo hili haliwezi futari nzito ya mara moja.

Chakula kikikwama kooni, ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, nenda hospitali mara moja. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi, lakini usijikisie, kapimwe.