Mama yangu ni Mkenya: naweza kuwa polisi huko?

Swali: Nina miaka 22, ni Mtanzania wa Sirari. Baba ni Mtanzania, mama ni wa Isebania. Naweza kuomba upolisi Kenya?

Jibu: Kwa uraia wa Tanzania pekee, mdogo wangu, huwezi. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilifungua ajira mwaka 2010, lakini utumishi wa umma uliachiwa sheria za kila nchi, na polisi ya Kenya huchukua raia wake tu.

Mlango wako ni mama. Katiba ya Kenya ya 2010 inamtambua mtoto wa mama Mkenya kuwa raia wa kuzaliwa, hata akizaliwa nje. Ila usikimbilie kitambulisho kabla hujakaa na wazazi mkaamua: Tanzania hairuhusu mtu mzima uraia wa nchi mbili. Kuweka kadi ya NIDA mfuko huu na ya Kenya mfuko ule ni kujitafutia kesi, nami nisingependa uingie humo.

Ukishakuwa raia, siku ya usaili utakimbia na kupimwa urefu. Yote hayo ni bure. Anayekudai "ya chai" usimpe hata shilingi.