Mlipuko Mkuu na Mungu Muumba



Vijana wenzangu wa Handeni na Korogwe, swali hili naulizwa sana: kama ulimwengu ulianza kwa Mlipuko Mkuu, Mungu wa nini tena?

Wengi hawajui kwamba wazo hilo lilitoka kwa padre. Georges Lemaître wa Ubelgiji, aliyepewa upadre mwaka 1923, alieleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 kwamba ulianzia kwenye chembe moja. Mwaka 1951 Papa Pio XII aliihusisha nadharia hiyo na uumbaji. Lemaître hakufurahia: kwake, fizikia haimthibitishi Mungu wala haimkanushi.

Nampenda kwa hilo. Angalia mto Pangani pale Korogwe. Ukishajua maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru, umejua njia yake tu. Kwa nini yapo maji, ipo milima, na upo wewe unayeuliza? Hapo ndipo imani inaposema: yupo aliyetaka viwepo.

Basi rafiki yako mwenye mashaka usimcheke wala usimkimbie. Msikilize, kisha someni pamoja Warumi 1:20. Kuuliza si dhambi.

Mungu awabariki!