Pumzi Kabla ya Baridi: Huduma ya Kwanza kwa Aliyefukiwa na Theluji

Kiwanja cha skii cha Craigieburn Valley, mkoani Canterbury, Nyuzilandi, huendeshwa na klabu ya wanachama. Hakuna mashine ya kusawazisha theluji, wala viti vya kupandia mlima. Mchezaji hujifunga kiunoni mkanda wenye kibano cha chuma, akakibana kwenye kamba iendayo kasi, naye huvutwa hadi karibu na vilele vya zaidi ya meta 1,800. Kamba hiyo hupita juu ya roda, na kidole kilichosahauliwa hapo hupondwa. Si mahali pa wanaoanza.

Hatari iliyo kubwa zaidi katika milima ya namna hii ni poromoko la theluji. Wengi hudhani kwamba aliyefukiwa hufa kwa baridi. Sivyo. Kwa kawaida mwili uliofunikwa na theluji hupoa polepole, nyuzi chache tu kwa saa. Hewa huisha mapema zaidi. Theluji iliyoporomoka hujishindilia ikawa ngumu, kifua kikashindwa kutanuka, na pumzi anayoitoa majeruhi humrudia ikiwa imejaa kaboni dayoksaidi. Uchambuzi wa kumbukumbu za Uswisi uliochapishwa mwaka 2024 ulionesha kuwa waliofukuliwa ndani ya dakika 10 walinusurika zaidi ya 9 kati ya 10. Kwa waliofukuliwa kati ya dakika 10 na 30, walinusurika takriban 3 tu kati ya 10.

Helikopta haiwahi muda huo. Mwokoaji ni mwenzake aliye mlimani, na ndiyo sababu kila mmoja hubeba kifaa cha redio cha kutafutana, ufito mrefu wa kuchomea theluji, na sepetu. Asiyebeba sepetu, kwa maoni yangu, hana haki ya kuitwa mzoefu.

Ufito ukigusa mwili, uachwe palepale. Uchimbaji uanzie upande wa chini wa mteremko, kuelekea kichwani. Uso ufunuliwe kwanza, kisha kifua. Mwokoaji atazame iwapo mdomo na pua vimezibwa, kwa kuwa daktari ataliuliza hilo baadaye. Ikiwa majeruhi haoneshi dalili za uhai, apuliziwe pumzi 5, ndipo kifua kikandamizwe mara 30 kwa kila pumzi 2. Wasomaji wanaohudumia waliozama baharini au ziwani watautambua utaratibu huu: moyo umesimama kwa kukosa oksijeni, na kukandamiza kifua peke yake hakutoshi.

Baridi huingia katika hesabu baadaye. Aliyefukiwa zaidi ya dakika 60, njia yake ya hewa ikiwa wazi na joto la ndani ya mwili likiwa chini ya nyuzi 30 za Selsiasi, asitangazwe kuwa amekufa mlimani. Ukandamizaji uendelee hadi hospitali yenye mashine ya kupasha damu joto nje ya mwili.