SOMO LA 12: KOTI LA MVUA LA MFANYAKAZI WA BARABARANI



Huku Kibingo mvua si ngeni. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei. Mvua za vuli hunyesha Septemba hadi Desemba. Mvua hizo hutupa kahawa, ndizi na maharage. Lakini pia hujaza mchanga kwenye mitaro na kuchimba mashimo barabarani. Ndiyo sababu wakati wa mvua kazi za barabara huwa nyingi. Watu huitwa kuzibua makalvati, kufyeka majani na kufukia mashimo. Huenda wewe ni mmoja wao. Au labda ni mwanao.

Fikiri jambo hili. Ni asubuhi. Unazibua mtaro kando ya barabara iendayo Murongo, mpakani na Uganda. Umevaa kizibao cha kung'aa ulichopewa na msimamizi. Dereva anakuona toka mbali. Mara mvua inaanza. Unachukua koti lako jeusi la mvua na kulivaa juu ya kizibao. Sasa hulowi. Lakini je, dereva anakuona?

Hakuoni. Kizibao kimefichwa. Koti ni jeusi, wingu ni jeusi, ukungu umeshuka vilimani, na kioo cha gari kimejaa maji. Umejificha wakati ule ule ambao dereva anaona kwa shida.

Basi shika neno hili: koti la mvua lenyewe ndilo liwe la kuonekana.

Gari halisimami papo hapo

Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde moja. Dereva akikuona na kukanyaga breki, gari dogo kwenye lami kavu huenda kama mita 50 kabla ya kusimama. Lami ikiwa na maji, huweza kwenda mita 90. Huo ni karibu urefu wa uwanja wa mpira. Lori lenye mzigo, au barabara ya udongo yenye utelezi, ni hatari zaidi. Dereva akikuona ukiwa hatua 30 tu mbele yake, amekwisha kuchelewa.

Rangi na utepe

Koti zuri la kazi lina vitu viwili. Kila kimoja kina kazi yake.

Cha kwanza ni rangi kali: njano inayokaribia kijani, au rangi ya chungwa. Rangi hizi hupokea miale ya jua ambayo macho yetu hayaioni, kisha huitoa kama mwanga tunaouona. Kwa hiyo hung'aa hata siku ya mawingu. Lakini usiku hakuna jua, na rangi hiyo haifanyi kazi tena.

Cha pili ni utepe wa rangi ya fedha. Umewahi kummulika paka kwa tochi usiku, ukaona macho yake yanawaka? Utepe hufanya vivyo hivyo. Taa ya gari ikiupiga, huurudisha mwanga kule ulikotoka, machoni pa dereva.

Rangi ni ya mchana. Utepe ni wa gizani. Koti liwe na vyote viwili.

Tuchague rangi gani? Tazama mahali unapofanya kazi. Mwaka 1964, wafanyakazi wa njia ya reli mjini Glasgow, huko Uskoti, walipewa vizibao vya rangi kali ya chungwa ili madereva wa treni wawaone mapema. Kwetu, kando ya barabara kuna migomba na majani. Njano ya kijani yaweza kupotea humo, na chungwa huonekana vizuri. Lakini ukiwa umeinama juu ya udongo wetu mwekundu, chungwa nayo yaweza kufifia. Fanyeni jaribio. Mmoja avae koti na kuinama mahali pa kazi. Wengine waende hatua 100, kisha wageuke na kutazama. Macho yenu yatawapa jibu.

Kabla ya kununua

Fika dukani ukiwa na tochi na chupa ya maji. Kagua mambo haya:

1. Utepe. Ingia mahali penye giza. Shika tochi karibu na jicho lako, umulike koti likiwa hatua kadhaa mbele. Utepe wa kweli utawaka mweupe. Utepe wa bandia utabaki kijivu. Kisha mwagia maji, umulike tena. Baadhi ya tepe hufifia zikilowa, na wewe unanunua koti la mvua.

2. Mahali pa utepe. Uzunguke mwili wote, pamoja na mikono. Dereva aweza kuja kutoka nyuma. Suruali nayo iwe na utepe miguuni, kwa sababu taa za gari zilizoinamishwa humulika chini kwanza.

3. Mishono. Geuza koti ndani nje. Mishono ifunikwe kwa utepe wa kuzuia maji. Tundu la sindano ni dogo, lakini mvua ya siku nzima hupita hapo.

4. Kofia. Ukigeuza kichwa, kofia igeuke nawe. Isizibe macho wala masikio.

5. Kipimo. Koti lienee juu ya nguo za kazi, lakini lisipepee. Liwe na matundu ya hewa kwapani au mgongoni, usije ukalowa jasho ndani.

6. Kibandiko. Wewe sasa unajua kusoma. Soma! Makoti yaliyopimwa huwa na picha ya kizibao na namba 1, 2 au 3. Namba 3 ndilo linaloonekana zaidi. Picha ya mwavuli huonyesha kuwa limepimwa kwa mvua.

Kulitunza

Tope likifunika utepe, koti limekufa. Lifute kila jioni kwa kitambaa chenye maji. Lifue kwa sabuni ya kawaida. Usitie dawa ya kung'arisha nguo, usisugue utepe kwa brashi, usipige pasi. Lianike kivulini, maana jua kali hufifisha rangi. Rangi ikipauka au utepe ukibanduka, koti hilo ni la shambani. Barabarani lisirudi.

Nani anunue?

Usikimbilie kutoa fedha yako. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Kibarua wa siku moja naye hugongwa na gari kama mwingine. Basi siku ya kuandikishwa kazi, ulizeni pamoja, kwa adabu: "Ndugu msimamizi, mvua ikinyesha tutavaa nini?" Kuuliza si ukorofi.

Kumbuka pia kwamba koti si ukuta. Halisimamishi lori. Vibao vya tahadhari viwekwe mbali, mshika bendera awepo, na mvua ikizidi hata msione barabara, tokeni kando mngoje.

Maswali

1. Kwa nini si vema kuvaa koti jeusi juu ya kizibao cha kung'aa?
2. Rangi kali hufanya kazi wakati gani? Utepe je?
3. Tutajuaje kwamba utepe ni wa kweli?
4. Gari likienda mita 22 kwa sekunde moja, litakwenda mita ngapi kwa sekunde 3?

Kazi ya darasa: Kila mmoja alete koti analovaa wakati wa mvua. Yapimeni kwa hatua 100. Ni mangapi yanaonekana?