Faili Zipo, Dirisha Ndilo Lenye Hitilafu

Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na nyingi ya kompyuta zinazofika mezani kwangu siku hizi zimetoka tu kuhamishiwa Windows 11. Wenye nazo ni walimu, makarani wa SACCOS, wapiga picha za harusi. Malalamiko yao yanafanana: folda inafunguka ikiwa nyeupe tupu, picha zote zimegeuka alama ya aina moja, majina ya faili yamepandana, au nusu ya dirisha inabaki nyeusi mtu akishuka chini. "Fundi, kazi zangu zimefutika." Nimeona kompyuta zilizopigwa fomati kwa tatizo la namna hii, na alama za wanafunzi za muhula mzima zikaenda na maji. Ndiyo maana naandika haya.

1. Thibitisha kwanza kwamba faili zipo

Dirisha la folda ni programu inayochora orodha ya vitu vilivyomo kwenye diski. Ikichora vibaya, vitu vyenyewe havijaguswa. Kabla ya tiba yoyote, mimi hufungua Command Prompt, nikaingia kwenye folda inayolalamikiwa na kuandika dir. Orodha ikitokea na ukubwa wa kila faili, namwita mwenye kompyuta aione kwa macho yake. Ukimwona anavyoshusha pumzi, utaelewa kwa nini hatua hii haifai kurukwa. Kisha nanakili vya muhimu kwenye diski ya nje.

Kama dir haionyeshi kitu, andika dir /a, ambayo huorodhesha hata vilivyofichwa. Flashi zinazozunguka kwenye stationery zetu mara nyingi zina virusi vinavyoficha folda halisi na kuweka njia ya mkato yenye jina lile lile. Hilo ni tatizo jingine kabisa, na Windows mpya haihusiki nalo.

2. Pima hitilafu imefika wapi

Je, ni folda moja au zote? Ni dirisha la folda tu, au hata Word na kivinjari vinamemeteka? Fungua akaunti nyingine ya mtumiaji kwenye kompyuta hiyo hiyo. Kule mambo yakiwa sawa, tatizo limo kwenye mipangilio ya akaunti ya kwanza, na hakuna sababu ya kuisumbua mashine nzima.

3. Kuzima na kuwasha si sawa na Restart

Wengi huniambia wameizima kompyuta na kuiwasha mara nyingi bila nafuu. Windows ina utaratibu uitwao Fast Startup: ukichagua Shut down, sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa ilivyo unapowasha. Restart ndiyo inayoanza upya kweli.

Hata kabla ya hiyo, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tafuta Windows Explorer kwenye orodha, bofya kulia, chagua Restart. Programu hii ndiyo inayochora pia ule mstari wa chini wenye saa, kwa hiyo mstari utatoweka kidogo na kurudi. Usishtuke. Ila kama kuna faili zinanakiliwa, subiri zimalize, maana kunakili kutakatika.

4. Safisha kumbukumbu ya picha ndogo, lakini soma kila mstari

Windows haitengenezi upya picha ndogo ya kila faili kila unapofungua folda. Huzihifadhi kwenye faili zenye majina yanayoanza na thumbcache, ndani ya AppData ya mtumiaji. Faili hizo zikiharibika, picha huonekana nyeusi, au ya harusi hii inajitokeza kwenye jina la harusi ile. Dawa ni kufungua Disk Cleanup, kuweka tiki kwenye Thumbnails na kuzifuta. Mfumo utazitengeneza upya wenyewe. Folda kubwa itachelewa kidogo mara ya kwanza.

Hapa ndipo ninapoomba umakini. Usafi huo ukiufanyia kwenye Settings, upande wa Temporary files, utakuta Downloads nayo imeorodheshwa. Watu wengi huweka humo kila kinachotoka kwenye barua pepe na WhatsApp: mikataba, risiti, vyeti. Ukiitia tiki umefuta vitu halisi. Soma mstari kwa mstari, na usipouelewa, uache.

Kabla ya yote hayo, angalia Folder Options. Kama "Always show icons, never thumbnails" ina tiki, hakuna kilichoharibika. Iondoe tu. Na picha za iPhone zenye mwisho wa HEIC huhitaji kiongezi chake ndipo zionekane.

5. Chunguza vilivyojipachika

Programu za kubana faili na za kuhifadhi mtandaoni huingiza vipande vyao ndani ya dirisha la folda na kwenye menyu ya kubofya kulia. Kipande kilichoandikwa kwa ajili ya mfumo wa zamani kinaweza kuligandisha dirisha zima. Sasisha programu hizo, au ziondoe moja moja ukijaribu kila mara.

6. Draiva ya grafiki

Skrini nzima ikisumbua, bonyeza kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B: grafiki huanzishwa upya bila kufunga kazi zako. Kisha fungua Device Manager. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter, draiva halisi haipo, na utaipata kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yako. Ikiwa draiva mpya ndiyo iliyoleta shida, Roll Back Driver hurudisha ya awali.

7. Mengine ni sura mpya tu

Mistari kuachana sana ndivyo Windows 11 ilivyopangwa; chagua Compact view chini ya View. Menyu ya zamani ya kubofya kulia ipo, ndani ya Show more options.

Na kama hakuna kilichosaidia, mfumo wa zamani huwa umehifadhiwa kwenye folda ya Windows.old, na unaruhusiwa kuurudia ndani ya siku 10. Baada ya hapo mlango hufungwa. Usafi wa diski unaofuta Previous Windows installations nao huufunga mapema zaidi. Kwa hiyo kompyuta ikiletwa mezani, swali langu la kwanza ni tarehe iliyohamishwa, na la pili ni kama kuna mtu ameshaisafisha.