Dondoo muhimu: LCD ikiandika vurugu

Umetuma "Habari" kutoka Arduino kwenda LCD ya serial, skrini ikakujibu kwa alama zisizosomeka? Usikimbilie kununua nyingine. Angalia kasi ya mawasiliano (baud) kwanza: skrini nyingi za aina hii hutoka kiwandani zikiwa kwenye 9600, na programu yako sharti itumie kasi hiyohiyo. Kisha waya wa GND. Usipouunganisha pande zote mbili, Arduino na skrini, data husomwa ovyo. Ukituma kutoka kompyuta badala ya Arduino, pini zake za RS-232 zipitie kigeuzi cha MAX232, maana volti za RS-232 ni kinyume cha zile za TTL na zaweza kuunguza skrini. Na zile alama mbili za ajabu mwishoni mwa mstari? Hiyo ni amri ya println, inayotuma baiti mbili za ziada zenye thamani 13 na 10. Skrini nyingi huzichora badala ya kuzitii. Tumia print.