JUMANNE: Viazi Vilivyoachwa Shambani

Soma Danieli 8:14 na Ufunuo 10:8–10.

Oktoba 22, 1844, waamini wengi wa Marekani walimngoja Yesu. Baadhi ya wakulima walikuwa wameacha viazi ardhini bila kuvuna. Usiku wa manane ukapita, kukapambazuka, nao wakalia. Majirani waliwacheka, si ajabu kwamba wengine waliacha imani kabisa.

William Miller, mkulima aliyehubiri ujumbe huo, alikiri kukosea tarehe, lakini aliendelea kumngoja Bwana hadi alipofariki mwaka 1849. Wachache walirudi kwenye Maandiko, wakaona kwamba walikuwa wamelikosea tukio, si hesabu: patakatifu hapakuwa dunia hii (Waebrania 8:1, 2).

Ungemwambia nini mwamini aliyerudi kuchimba viazi vyake?